Fundi Asiyemfunda Mtu

Mtaani kwetu fundi ni kila mtu. Anayezibua bomba ni fundi, anayefungua saa na kuzifunga ni fundi, hata jirani yetu mwongo tunamwita fundi wa maneno. Baba yangu ni fundi cherehani, na kwake jina hilo ni mali yake. Wengine wote wameliazima tu.

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu alituambia neno hilo ni ndugu wa kufunda: fundi wa zamani alikuwa mtu anayewafunda wenzake kazi. Nikaipeleka habari nyumbani mbio. Baba akacheka. "Basi mwalimu wako ajishonee suruali."

Hakumfunda mtu. Vitambaa alivikatia nyuma ya pazia, asije mtu akamwibia mkato wake. Mimi, mwanawe wa pekee, nilitia vifungo na kushona mapindo. Nikiomba mkasi, jibu lilikuwa, "Mwanangu, shika sindano yako."

Leo asubuhi aliniita nyuma ya pazia. Koti la bwana harusi lilikuwa mezani, na mikono ya koti yote miwili ilikuwa imekatwa ya kushoto. Nilimtazama machoni, nikauona ukungu aliotuficha sijui tangu lini. Kumbe alikuwa akikata kwa kupapasa! Nilimkasirikia, na papo hapo nikamwonea huruma.

Kitambaa kilichobaki kilitosha mkono mmoja, tena kwa taabu, na dukani kingine kama hicho kilikuwa kimekwisha. Bwana harusi angelifuata koti saa nne, ndoa saa nane. Akilikosa, mtaa mzima utajua, na hakuna atakayemletea Baba hata suruali ya kufupisha.

"Kata wewe," akasema, akanipa mkasi.

"Sijui kukata, Baba. Niambie, nianzie wapi?"

Akafungua mdomo. "Hapa begani una... unazungusha hivi..." Kidole chake kikazunguka hewani. "Unalegeza kidogo, halafu... basi, unajua tu."

"Sijui, Baba."

Akajaribu tena, akakwama palepale. Kwa miaka arobaini hakuwahi kuieleza kazi yake kwa maneno, na sasa maneno hayakuwepo. Akalia, mtu mzima, bila hata kujifuta.

Mlangoni bwana harusi akabisha, akaita kwa furaha, "Fundi! Upo?"

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Hakuna kati yetu aliyeitika.