Wino kwenye Kidole cha Mwisho

Juzi mchanjaji alipaka wino kwenye kidole cha mwisho cha binti yangu, na harufu yake kali ikanirudisha jikoni kwa mama, kule Musonoi, mtaa wa wachimbaji madini.

Alasiri ile mimi na mdogo wangu, wote wasichana, tulikuwa tumejibana nyuma ya gunia la makaa. Mtaani walisema matone ya polio huwafanya wasichana wasizae, na mama aliamini. Mimi nilikuwa na hofu yangu: nilidhani wino ule ni alama ya watoto watakaoshushwa mgodini. Vumbi jeusi la makaa liliniwasha pua.

"Hapa hakuna batoto," mama aliwaambia wachanjaji mlangoni.

Kisha nikasikia gongo likigonga sakafu. Alikuwa Tata Ilunga, fundi viatu jirani yetu, ambaye aliburuta mguu mmoja. Sisi watoto tulijua kabisa kwamba uliangukiwa na jiwe mgodini.

"Mama, angalia huu muguu," alisema polepole. "Batu banasemaka ni mugodi. Hapana, ni polio. Mama yangu alinifichaka, sawa vile unabaficha bako."

Hapo hapo nikapiga chafya.

Mama alikuja akalisogeza gunia. Sikuchapwa. Alinishika kidevu mwenyewe, nikameza matone yaliyoacha uchungu kidogo ulimini, kisha nikapakwa wino kidoleni. Usiku kucha nilisubiri kuchukuliwa nipelekwe mgodini.

Hakuna aliyekuja. Na binti yangu huyu aliyepakwa wino juzi ni mtoto wangu wa nne.