Siku Koko Alipomzamisha Pasta

Harufu ya triko la sufu lililolowa, likikaushwa juu ya moto wa kuni, ndiyo harufu ya mwaka ule. Wengine wakikumbuka vita hutaja moshi na baruti. Mimi hukumbuka sufu. Triko lenyewe lilikuwa la Koko, maana ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa baba. Lilikuwa sweta la rangi ya kahawia, lenye vifungo visivyofanana, na alilivaa tangu kabla sijazaliwa. Kwetu Masisi, milimani, ambako ukungu hulala juu ya mashamba ya maharagwe hadi jua lipande, triko ni kama sehemu ya mwili. Lakini vita vilitung'oa kule. Tukateremka pamoja na majirani wengi mpaka Ntoto, katika msitu wa Walikale, ambako joto hukupokea mapema asubuhi na nguo ya sufu ni adhabu. Koko hakulivua. Wenyeji walimwona ametota jasho kando ya migomba, vifungo vimefungwa hadi shingoni, wakamwuliza kama anaumwa. Akawajibu kwamba hajambo, ila hajui ni siku gani tutarudi nyumbani, na siku hiyo ikifika hataki kupoteza muda kutafuta triko.

Katika safari hiyo ndipo mimi na maji tulipogombana. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja hivi. Mito yetu ya milimani ni ya kuruka, mtoto anaivuka huku akitafuna muhogo. Sasa tukafika kwenye mto mkubwa, mpana, wenye maji ya rangi ya udongo, na nyuma yetu, kule tulikotoka, bunduki zilikuwa zinalia. Watu waligombania mtumbwi, ukajaa kupita kiasi, na ulipokaribia ng'ambo ukapinduka. Nikaenda chini. Sikuona chochote ila ule wekundu wa tope, na kitu kilichonitisha kuliko vyote ni kimya, kwa sababu hata sauti ya Mama ilikatika. Papa, baba yangu, alinikamata kwa ukosi wa gauni, akanitupa ukingoni. Kila mtu alitoka salama siku ile, tukapoteza sufuria na gunia la maharagwe tu, na jioni watu wazima walikuwa tayari wanalifanyia mzaha gunia lile. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo nilinawa uso kwa kitambaa chenye unyevu, na mvua ikinyesha nilihamia katikati ya nyumba. Kusema kweli sikuyaogopa maji peke yake. Niliogopa milio, niliogopa watu wanaokimbia, niliogopa kulala. Ila hofu zote hizo zilikuwa zimekwenda kukaa mtoni, na huko ndiko nilikoziona.

Ntoto walitupokea vizuri mno. Tulipewa chumba nyumbani kwa Mama Riziki, mkubwa wa akina mama wa kanisa, mwanamke mpana, mwenye kicheko cha kusikika mpaka sokoni. Alitufundisha kula sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa mafuta ya mawese mpaka midomo yetu ikang'aa, na alituita watu ya milima hata alipokuwa anatuombea. Papa hakuwa na shamba la kulima, akaenda Omate kuchimba madini pamoja na wanaume wengine. Kabla ya kuondoka alinishika kichwa akaniambia, "Furaha, siku ya ubatizo yako nitakuya. Hata kama iko nini, nitakuya." Ahadi hiyo ilikuwa na sababu. Nilikuwa nimemaliza mafundisho ya ubatizo kule Masisi, siku ilikuwa imeshapangwa, kisha vita vikatukimbiza. Pasta, yaani mchungaji wa Ntoto, alikubali kunibatiza siku ya Pasaka pamoja na watoto wa kanisa lake. Nililitaka jambo hilo kuliko chakula. Katika kanisa letu asiyebatizwa haimbi kwaya, na mimi nilikuwa na sauti, tena nilijua kwamba ninayo. Nikamwuliza binti wa Mama Riziki wanabatizia wapi. Akaelekeza kidole kwenye mto uleule uliotupindua.

Wasomaji wasiotoka kwetu inafaa waelewe tunavyobatiza milimani. Kanisa letu huzamisha mtu mzima mzima, kichwa na miguu, lakini vijito vyetu havifiki hata magotini. Basi siku chache kabla ya ubatizo wanaume hushuka bondeni na majembe, wanakata mabonge ya udongo pamoja na nyasi zake, wanalaza migomba iliyoangushwa, wanakiziba kijito mpaka maji yapande kiunoni. Hapo ndipo pasta husimama. Watu wakimaliza, wanabomoa, na ng'ombe wa chini wanapata maji yao. Ni maji baridi yanayouma meno, na hiyo ndiyo sababu Koko mwenyewe, pamoja na kusali kwake kote, alikuwa hajabatizwa. Kila mwaka alisema angoje kidogo, baridi ipungue. Sasa tulikuwa msituni, maji yalikuwa vuguvugu, na udhuru wake wote ulikuwa umekwisha. Jina lake likaandikwa chini ya langu. Niligundua upesi kwamba na yeye hakuwa na hamu yoyote ya kuuona mto ule tena.

Koko ndiye aliyewakusanya wanaume wa Masisi. Nyuma ya shamba la mihogo la Mama Riziki kulikuwa na kijito chembamba, na aliwaambia wakizibe kama kwetu, ili sisi wa milima tubatizwe kwa utaratibu wetu. Pasta hakukataa. Wiki ile ilikuwa ya furaha ajabu. Wanaume ambao tangu tufike walikuwa wanakaa tu mlangoni, mikono magotini, walishika majembe wakaimba nyimbo za kulima, na sisi watoto tulibeba mabonge ya nyasi vichwani. Wenyeji walikuja kutazama na kutucheka. Mama Riziki alisimama pale, mikono kiunoni, akasema, "Ee watu ya milima! Mungu yenu anaenea mu kashimo kadogo hivi?" Koko, akiwa ameketi juu ya mgomba na triko lake, akamjibu bila kugeuka, "Mungu yetu iko mukubwa. Njo maana anaenea kila mahali." Nilimpenda sana siku ile. Maji yalipanda polepole, safi, yanatosha kiuno changu, nami nikaanza kulala usingizi.

Hatukujua mvua ya msituni. Kwetu mvua huja na kurudi. Kule ilimwagika usiku wa kuamkia Pasaka kana kwamba inalipiza kisasi. Asubuhi watoto wa Ntoto walitupokea kwa vifijo: lambo letu lilikuwa limeondoka lote, udongo, nyasi na migomba, na mgomba mmoja walikuwa wameuona ukielea mtoni kwa raha zake. Wanaume wa Masisi walisimama mbele ya lile tope, majembe mabegani. Wakati huohuo Papa akatokea njiani, amechakaa, tope hadi mapajani, ametembea kutoka Omate ili anione ninabatizwa, na kesho yake ilimbidi arudi. Haikuwezekana kungoja maji yapande tena. Nikaingia jikoni kwa Mama Riziki, nikajibanza nyuma ya kuni, nikalia.

Koko alinifuata humo. Nilitegemea aniambie nisiogope, kwa sababu miaka ile watu wazima walituambia hivyo kutwa, na kadiri walivyosema ndivyo nilivyozidi kuogopa. Aliketi juu ya kinu kilicholazwa.

"Koko, niko naogopa," nikamwambia.

"Na mimi pia."

Nilinyamaza kulia kwa mshangao. Sikuwahi kumsikia mtu mzima akikiri hivyo. Akanivuta karibu, sufu ikanikuna shavu.

"Tangu tuache nyumba naogopa kila siku," akasema. "Nilikuwa naambia Mungu, ondoa woga kwanza, kisha nitasimama. Hakuondoa. Lakini tulisimama, tukatembea, na tuko hapa. Basi sasa namuambiaka kweli tu: niko naogopa, lakini niko nakuya. Sema na weye."

Nikasema. Naogopa, lakini ninakuja. Ilikuwa sala fupi kuliko zote nilizofundishwa, na ndiyo ya kwanza niliyoisali bila kudanganya.

Mtoni tulikuta kitu ambacho hakuna mtu wa milima aliyekuwa amekiona. Akina mama wa kanisa, Mama Riziki katikati, walikuwa wameingia majini na vitenge vyao, wakashikana mikono kwa viwiko, wakasimama mstari upande wa chini, kule maji yanakokwenda. Ndivyo Ntoto wanavyobatiza. Pasta akiteleza, au mtu akiponyoka, anaangukia vifuani mwa mama zake. Na walikuwa wanaimba, na ukingoni ngoma ilipigwa kwa nguvu. Pasta alikuwa mwanamume mwembamba, mpole, mwenye shingo ndefu. Alimwita Koko kwanza kwa heshima ya umri wake, akamwomba avue triko. Koko akamwambia kwamba triko lile limemjua miaka mingi kuliko yeye, na kama Mungu anamtaka atampokea nalo. Akaingia. Maji yalipofika kifuani nilimwona anasogeza midomo, nikajua anasema nini.

Sufu ikilowa ina uzito wa mtoto. Pasta alimwinamisha, na Koko, alipohisi triko linamvuta, akatoa mikono yote miwili akaikumbatia ile shingo ndefu. "Koko, niachilie!" pasta alipiga kelele. "Weye njo usiniachilie!" Koko akajibu, na wote wawili wakaenda chini. Kwa muda kukawa na mapovu tu. Mto ukawachukua, ukawapeleka moja kwa moja kwenye ukuta wa akina mama, na hapo wakaibuka, pasta anakohoa, Koko bado amemng'ang'ania, kilemba chake kinaelea kando. Koko akafuta macho. Akatangaza kwa sauti ya kusikika na pande zote mbili za mto kwamba sasa amebatizwa, na pasta pia amebatizwa mara ya pili, asifiwe Bwana. Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Wenyeji walicheka, wakimbizi walicheka, Mama Riziki alicheka hadi mstari mzima ukayumba majini. Papa, ambaye sikuwa nimemwona akitabasamu tangu tuhame, alijikunja ukingoni, mikono mbavuni.

Kicheko hicho kilikuwa bado kifuani mwangu jina langu lilipoitwa. Nisidanganye, hofu nayo ilikuwapo. Nilisema sala ya Koko kwa sauti, nikapiga hatua, nikaisema tena, nikapiga nyingine. Mama Riziki aliniita kutoka kwenye ukuta wake, "Kuya, mwanangu, sisi tuko hapa!" Pasta, ambaye sasa alikuwa ameniweka mbali kidogo na shingo yake, akaniinamisha. Niliona tena wekundu uleule wa tope. Lakini kimya hakikuwapo. Ngoma niliisikia kwenye nyayo, na nyimbo za akina mama zilinijia ndani ya maji, nzito, za mbali kidogo, lakini zilinijia. Nilipoinuliwa nilikuwa tayari ninaimba pamoja nao. Papa aliingia mtoni na viatu kunipokea, Mama akatungoja ukingoni na kitenge kikavu. Jioni triko lilining'inizwa juu ya moto wa Mama Riziki, likatoa mvuke na harufu yake, nasi tulikula sombe chini yake tukisimuliana upya habari za shingo ya pasta. Jumapili iliyofuata niliimba kwaya.

Koko hakurudi Masisi. Alizikwa Ntoto, na Mama Riziki alimvika triko kwa mkono wake mwenyewe, akafunga vifungo vyote. Mimi leo ninaishi Goma, nina watoto, na vita vile tulivyodhani ni vya mwaka mmoja vimetufuata vikibadilisha majina tu. Nikilinganisha, siwezi kusema kwamba siku hizi ni bora. Watu wanaendelea kuteremka kutoka milimani na magodoro vichwani, na mimi bado huhamia katikati ya nyumba nikisikia milio. Kilichobadilika ni kwamba siingoji tena hofu inipe ruhusa. Naamka, ninaisali ile sala ya jikoni, nafungua mlango.

Sisi hubatiza ziwani. Pasaka iliyopita niliingia majini na wenzangu, tukashikana viwiko, tukafanya ukuta wetu. Pasta wetu bado kijana. Akatuuliza, "Mama, hii maji haitembei. Munafanya ukuta ya nini?" Tukamwambia aendelee na kazi yake. Kisha akaja msichana mdogo, wa familia iliyofika juzi tu kutoka Masisi, akasimama juu ya mawe, maji yamemfika vifundoni, akakataa kusogea. Alinitazama mimi. "Mama, niko naogopa," akasema. Sikumwambia asiogope. Nilimwambia hata mimi niliogopa, nikamfundisha maneno yaliyobaki. Akayasema mara moja kwa kunong'ona. Mara ya pili aliyapigia kelele, "Mungu, niko naogopa, lakini niko nakuya!" na akaja kweli, akirusha maji kila upande. Alikuwa amevaa triko, limefungwa hadi shingoni. Pasta akamwomba alivue kwanza, naye akatikisa kichwa.

"Muache nayo, Pasta," nikamwambia. "Weye chunga tu shingo yako."