Mbayuwayu Aliyezama Mkwiro

Siku yangu ya kwanza katika gari la sinema, pale Kwale, miaka ya hamsini, sikuruhusiwa kugusa mashine. Nilipewa shuka jeupe la kuonyeshea picha, nikaambiwa nilifue. Skuli nilisoma madarasa mawili tu, lakini shuka lile nililifua hata Bwana Afisa, mkubwa wetu Mzungu, akauliza kama ni jipya.

Kutoka kufua nikapanda, nikawa mwendesha mashine, kisha msemaji. Msemaji ndiye aliyeshika kipaza sauti akawaeleza watu kwa Kiswahili yanayopita, maana filamu zilisema Kizungu. Tulizunguka Lunga Lunga, Msambweni, hata visiwani. Sharti la Bwana Afisa lilikuwa moja: "Sema kilichopo kwenye shuka. Ukiongeza, kazi huna." Aliyenitangulia aliongeza, akarudi kwao kulima mihogo. Na Bwana Afisa mwenyewe filamu hakuzitazama. Alikaa nyuma na kiko chake.

Watu walichoka na filamu za mbu na vyoo. Waliyoipenda ni moja fupi ya kuchorwa, ya mbayuwayu aliyejifunga skafu, amebeba sanduku, anakimbia baridi ya Ulaya kuja kwetu. Kila apitapo ni balaa: anatumbukia dohani, anapanda meli anatapika, dhoruba inamtupa baharini.

Tulipokuwa Msambweni ilikatika karibu na mwisho. Kuunga filamu ni hivi: unakwangua utando wa picha kwa wembe, unatia gundi, unabana, unangoja. Kipande cha mwisho nilikitundika msumarini nije nikiunge asubuhi. Asubuhi nikafunga mizigo, nikakisahau.

Jioni yake tulikuwa kisiwani, Mkwiro. Mbayuwayu akazama, shuka likabaki jeupe.

"Amekufa?" akauliza Bi Mwanaisha, mama mtu mzima aliyekaa mbele.

"Hakufa, mama. Kosa ni langu, kipande nimekiacha Msambweni. Kasa alimwibua, akampakia mgongoni mpaka pwani."

Watu wa Mkwiro kasa wanawajua. Wakaangua kicheko.

"Kasa na ndege wapi na wapi!" akasema Bi Mwanaisha. "Tumekua pamoja na kasa hapa, hatujaona hata mmoja akichukua abiria. Muongo we!"

"Muongo! Muongo!" wakapokea wenzake.

Neno hilo Bwana Afisa alilijua. Akaja mbele. "Umeongeza?"

"Sikuongeza, bwana."

"Kesho nimwone huyo kasa. Nisipomwona, huna kazi."

Alfajiri nikavuka kwa mashua hadi Shimoni, nikadandia lori mpaka Msambweni. Kipande kilikuwa pale pale msumarini. Nikarudi, nikaunga. Baada ya magharibi walikuja watu wengi kuliko jana. Mbayuwayu akazama. Kasa akaibuka, tena amevaa kofia ya nahodha. Hiyo kofia ndiyo sikuthubutu kuitaja jana.

Bi Mwanaisha akacheka hadi mtandio ukamwanguka. "Niwie radhi, mwanangu. Kumbe muongo ni aliyechora!"

Bwana Afisa radhi hakuniomba. Alisema tu, "Kesho Funzi. Na wewe ndiye msemaji."

Nilistaafu nikiwa mkubwa wa wasemaji wote, na wenye vyeti niliwafundisha mimi. Vijana, ukisahau kitu kazini, sema umesahau, kisha kakilete. Hadi leo mtu akiniita muongo sibishani naye. Humwuliza tu kama kesho atakuwepo.