Nusu ya Masharubu ya Mjomba Bouchaib

Mjomba wangu Bouchaib hatoi risiti, hajawahi. Ukimpelekea simu kibandani kwake katika soko la Derb Ghallef ataigeuza mara mbili, ataigongagonga kwa ukucha kama mtu anayechagua tikiti maji, halafu atashika masharubu yake kwa vidole viwili na kusema, "Ikifa kwa kazi yangu, haya yatanyolewa." Basi. Hiyo ndiyo dhamana. Na nimeshuhudia watu wakiondoka pale wametulia kuliko waliopewa karatasi yenye mihuri mitatu.

Masharubu yenyewe lazima niyaeleze. Ni meusi, mazito, ncha zake zimepinda juu kama pembe za beberu mwenye furaha. Mama, ambaye ni dadake, anasema yalianza kuota Mjomba akiwa na miaka kumi na sita, na tangu hapo hayajaonja wembe, ila mkasi mdogo wa kusawazishia kila Alhamisi. Mkewe, Bi Rqia, ameishi naye miaka ishirini na miwili bila kujua mdomo wa juu wa mumewe unafananaje.

Shule aliacha darasa la nne, huko mashambani Doukkala. Alikuja Casablanca na mfuko wa bisibisi, akaanza na vyerehani, akaenda kwenye redio, kisha madishi. Enzi za madishi mtaa mzima ulitazama mpira wa Ulaya kwa hisani yake, na siku za fainali hata imamu alimsalimu kwa mikono miwili. Baadaye zikaja simu. Kifaransa hasomi, Kiingereza ndiyo kabisa, lakini maneno ya kwenye kioo anayajua kwa umbo, kama unavyomjua jirani kwa mwendo wake. Niliwahi kumuuliza anafanyaje. "Neno refu lenye mkia ni la hatari," akasema. "Fupi lenye jicho halina neno. Hayo mengine ni maringo tu."

Mwaka wa mkasa huu, 2007, ndugu zetu waliporudi likizo kutoka Marekani walileta simu ambayo haikuwa na vitufe. Kioo kitupu! Niliiona ya kwanza mezani kwa Mjomba na nikadhani ni kipande cha kitu kingine. Ilikuwa na kasoro moja: ilikubali mtandao mmoja tu, wa huko huko Marekani. Ukiichomekea laini ya kwetu ilikutazama kama ngamia aliyeulizwa njia. Mjomba alijifungia nayo siku tatu, akaifungua. Mwezi wa nane ulipokwisha, foleni ya simu za kioo ilikuwa imefika kwa muuza viatu.

"Mjomba," nikamwuliza, "mtu si ameshainunua? Si yake? Mbona bado inamtii aliyemuuzia?"

"Ingekuwa inamtii mwenyewe," akasema, "mimi ningekula nini?"

Kisha Ramadhani ikaingia. Kwetu Ramadhani, kadiri jua linavyoshuka, hasira zinapanda. Wanaume hawajavuta, hawajanywa kahawa, na mtu anaweza kugombana na mwamvuli. Derb Ghallef alasiri ni mahali pa kwenda kutazama ugomvi huku ukingojea adhana, na nakiri mimi nilikuwa nakwenda kwa ajili hiyo hiyo, nikitoka shule.

Basi siku moja katikati ya mwezi, zimebaki saa mbili kufuturu, akatokea Lalla Tamou. Huyu ni mpambaji wa maharusi. Nusu ya mabibi harusi wa mitaa yetu wamevikwa naye, na sauti yake imezoea kushindana na ngoma. Simu yake ya kioo aliletewa na mwanawe Yahdih, aliyeko New Jersey, aliyeinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Alikuwa akiilaza kwenye kitambaa cha hariri, hata ikiwa mfukoni. Nyuma yake alikuja Maati kinyozi, na mkoba wake.

Ndiyo. Alikuwa amekuja na kinyozi kabisa.

"Bouchaib! Kaa vizuri kwenye kiti."

"Karibu, Lalla Tamou. Kuna nini leo?"

Akaiweka simu mezani kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. "Imekufa. Maati, toa wembe."

"Ngoja kwanza, mama wa maharusi! Maati, na wewe?"

"Mimi nimeitwa tu, bwana," akasema Maati. "Niliambiwa kuna bwana harusi."

Watu walishaanza kusogea. Mjomba akaibonyeza simu. Ilikuwa inawaka, lakini haifunguki; ilionyesha maandishi tu, na Mjomba aliona maneno marefu yenye mikia, mengi. Akamwita Ghizlane, mwenye kibanda cha pili, ambaye ana shahada ya Kiingereza ya chuo kikuu na anauza filamu za kunakili.

"Ami, inasema haiitambui laini hii," Ghizlane akasoma. "Inataka ile ya Marekani. La sivyo haifungui mlango."

"Lalla, uliigusa wapi?"

"Sikuigusa! Nilikuwa kwa binti yangu, ananitilia nyimbo kutoka kompyuta yake. Kompyuta ikaniuliza: kuna kitu kipya cha simu yako, ni bure, unataka? Nikasema hapana, ahsante. Si nina adabu? Siku ya pili ikaniuliza tena. Nikasema hapana, Mungu akuzidishie. Jana ikauliza mara ya tatu." Akawageukia watu. "Mara ya tatu, jamani! Mtu akukaribishe mara tatu, mwezi wa Ramadhani, tena bure, wewe ukatae? Mimi nimelelewa!"

Watu wakatikisa vichwa. Kwetu ukikaribishwa chakula unakataa mara ya kwanza, unakataa ya pili, ya tatu unanawa mikono. Kukataa ya tatu ni kumtukana mwenyeji na mama yake.

"Kweli kabisa," akasema muuza viatu. "Hata mimi ningebonyeza."

"Wewe hata hujui kubonyeza kengele," mwingine akamjibu, na kidogo wapigane.

Mjomba akavuta pumzi. "Lalla Tamou, yule hakuwa mwenyeji. Kampuni imejua watu wanafungua simu. Sasa imetuma dawa. Simu ambayo haijaguswa inakunywa na kunenepa. Iliyofunguliwa inakunywa na kufa."

Lalla Tamou akaivuta simu kwake. "Yaani simu ya mwanangu. Nikiwa nyumbani kwa binti yangu. Wameiua kwa sababu nimetia laini ya kwetu?"

"Ndiyo."

"Na hawanijui?"

"Hawakujui."

"Haya," akasema. "Hao wako mbali. Masharubu yako hapa."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwafanya watu wasahau kiu. Kila mtu akawa kadhi. Wengine walisema kosa ni la kampuni, wengine la Bouchaib, na muuza redio akapendekeza nusu kwa nusu, naye akazomewa na pande zote mbili. Mjomba angeweza kuteleza. Angesema: mimi niliahidi kazi yangu, na kazi yangu ilikuwa nzima mpaka wewe ulipobonyeza. Niliona neno hilo limemfika mdomoni.

Lakini Lalla Tamou akasema, safari hii kwa sauti ya chini, "Hukuniambia nisikubali, Bouchaib."

Mjomba akakubali kwa kichwa. Hakumwambia. Hakumwambia yeyote.

"Nipe mpaka siku ya ishirini na tisa," akasema. "Adhana ya magharibi ikinikuta haijafufuka, Maati afanye kazi yake."

Wiki mbili zile sijui nilifauluje mtihani wa hesabu. Simu nyingine tisa zililetwa, zimekufa vile vile, na kila mwenyewe alikuwa na hadithi yake ya adabu. Mjomba alizipanga mezani kama wagonjwa wa wodi moja. Ghizlane alikuwa akimsomea habari za mtandaoni. Kumbe dunia nzima ilikuwa msibani!

"Ami, kuna mtu Brazili naye zimemfia kumi na nne."

"Mpe pole. Muulize amejaribu nini."

"Anauliza wewe umejaribu nini."

"Mwambie nimejaribu kila kitu ila kuisomea Yasini."

Ghizlane akaandika hivyo hivyo. Mbrazili akajibu kwamba yeye ameshaomba kwa mtakatifu wa kwao, bila faida. Tangu siku hiyo wakawa marafiki. Wazo lao lilikuwa kuirudisha simu ilivyotoka kiwandani, isahau kila kitu, isahau hata kwamba iliwahi kufunguliwa, halafu ifunguliwe upya. "Talaka, kisha ndoa mpya na mke yule yule," Mjomba akasema. Jaribio la kwanza simu haikuwaka kabisa. La pili ikawaka na kuzima. La sita ikatoa moshi kidogo, lakini hiyo haikuwa ya Lalla Tamou, alhamdulillahi.

Nyumbani, Mama alianza kumtazama kaka yake kwa jicho la matanga. Alimwekea bakuli la supu ya harira lenye nyama nyingi kuliko letu. Bi Rqia alisema hataki kulala na mwanamume asiyemjua, lakini jioni moja nilimkuta ameziba masharubu ya mumewe kwenye picha ya harusi kwa kidole, anachungulia.

Siku ya ishirini na tisa nadhani nusu ya soko ilifunga mapema. Kiti kiliwekwa nje ya kibanda. Maati akamfunga Mjomba taulo shingoni, akakoroga sabuni. Ndani, Ghizlane alikuwa ameketi mbele ya kompyuta. Mbrazili alikuwa ametuma maelekezo mapya adhuhuri, na mstari mweupe ulikuwa ukitambaa kwenye kioo polepole kama mtu anayekwenda kulipa kodi.

Lalla Tamou alikaa kwenye kigoda. Sasa hakuwa na furaha hata kidogo. "Bouchaib," akasema, "nilikuwa na kiu siku ile. Sema neno moja tu nikuachie."

"Nikuombe leo uniachie," Mjomba akasema kwenye povu, "halafu keshokutwa mteja akija nishike nini? Pua? Nyoa, Maati."

Maati akasema bismillahi. Wembe ukapita upande wa kushoto. Sharubu la kushoto likaanguka kwenye taulo, kubwa, kama ndege mdogo. Hakuna aliyecheka. Chini yake palikuwa na ngozi nyeupe ambayo haijaona jua tangu utawala wa mfalme aliyepita.

"Ami!" Ghizlane akapiga kelele. "Mstari umefika mwisho! Lete laini! Lalla Tamou, laini yako!"

Lalla Tamou akaivua laini kwenye simu yake ya zamani kwa kucha. Ghizlane akaichomeka. Tukangoja. Wembe ulikuwa hewani. Maandishi yenye mikia hayakuja. Vikaja vijiti vya mtandao, kimoja, viwili, vinne, na jina la mtandao wa kwetu pembeni. Kabla hatujasema kitu, simu ikaita.

"Haloo? Yahdih? Mwanangu! Idi njema na kwako! Ndiyo, ni hii hii! Hapana, haikuwa na kitu, ilikuwa imelala tu!" Akapiga kigelegele ambacho nina hakika New Jersey walikisikia bila simu.

Hapo hapo mwadhini akaadhini. Tende zikazunguka, maziwa yakazunguka, na kwa dakika tano hakuna aliyekumbuka lolote. Kisha Maati akafuta mdomo, akauchukua tena wembe, akamtazama Mjomba: povu limekauka, upande mmoja pembe ya beberu, upande mwingine mtoto mchanga.

"Nikumalizie, fundi? Si vizuri kuswali Idi hivi."

Mjomba akachukua kioo cha simu ya Lalla Tamou, akajitazama. Alijitazama sana.

"Hapana," akasema. "Hili la kushoto lilikuwa langu. Sikuwaonya watu. Hili la kulia ni la kampuni. Waje walinyoe wenyewe."

Muuza redio akaruka juu. "Si nilisema nusu kwa nusu? Si nilisema mimi?"

Idi Mjomba aliswali hivyo, safu ya pili, na imamu akasahau takbira moja. Picha ya familia ya mwaka huo ninayo: sote tumevaa nguo mpya, na Bi Rqia amesimama upande wa kushoto wa mumewe, upande ulionyolewa, ameegemeza kichwa karibu karibu kama msichana. Watu walikuja kutoka Rabat kumtazama, na wakishafika walikuwa wanaona aibu kuondoka bila kutengenezewa chochote. Zile simu nyingine zote zilifufuka, isipokuwa ile ya moshi, ambayo Mjomba alimpa mwenyewe nyingine badala yake. Na dhamana yake ikaongezeka maneno: "Ikifa kwa kazi yangu, hili lililobaki litanyolewa. Lakini ikikuuliza lolote, hata mara ya mia, kataa."

"Nikatae vipi, fundi?" mteja mmoja alimwuliza mbele yangu. "Si itakuwa ufidhuli?"

"Muulize Lalla Tamou."

Maana mwezi wa kumi na moja kompyuta ya binti yake ilikuwa imemwuliza tena. Kuna kitu kipya, ni bure, unataka? Binti yake anasema Lalla Tamou aliitazama muda mrefu, kisha akaijibu kama tunavyowajibu ombaomba mlangoni tusipokuwa na cha kuwapa: "Mungu akusahilishie." Akavuta waya.