Tulimsomea risala mbunge wetu hapa London, alichoenda kusema Bungeni kilinitoa nguvu

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi ni msomaji wa humu wa siku nyingi, mchango wangu mkubwa umekuwa kugonga like na kucheka na comments zenu. Leo nimeingia mwenyewe. Haya yamenitokea mimi na dada yangu wa damu, sijaongeza chumvi hata punje. Majina na jimbo nimeficha, kwa hiyo msinifuate PM kuniuliza.

Asiyeamini apite tu, sina nguvu za kubishana.

Ni ndefu kidogo, chukueni chai.

Nina dada yangu hapa London, nimwite Da Mwana. Ndiye aliyenipokea nilipofika, akanilaza kwenye kochi lake mpaka nikapata pa kwangu. Kazi yake ni jikoni kwenye shule moja ya msingi, anapika na kuwagawia watoto chakula cha mchana.

Figo zake zimekufa zote mbili. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi anaunganishwa na mashine ya dialysis, damu inasafishwa, anarudi nyumbani amechoka hata kuongea hataki. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa yuko jikoni kwake anaponda viazi na kuwakaripia watoto wa watu.

Kilichomwezesha kuishi hivyo ni kitu kimoja tu. Kile kitengo cha dialysis kilikuwa mtaani kwetu, anatembea kwa miguu yake. Manesi wanamjua, wanajua mkono upi una mshipa mzuri, wanajua hapendi kuongeleshwa sindano ikiingia.

Basi ikaja habari kwamba serikali inataka vitengo vidogo vidogo vifungwe, wagonjwa wote wahamie hospitali kubwa. Hiyo hospitali iko upande wa pili wa mji, mabasi mawili, na ukikosa la moja kwa moja ni matatu. Kwa safari hiyo uchovu wa mashine ungemlaza mpaka kesho yake, na kesho yake ndiyo siku ya kazi.

Da Mwana si mtu wa kulia. Alichofanya ni kuacha kula. Nikimpelekea chakula naukuta mfuko kwenye friji vilevile nilivyoufunga. Siku moja akaniambia kwamba kuumwa ameshazoea, anachoogopa ni kukaa nyumbani kusubiri siku ya mashine na kusubiri siku ya mashine tena. Ile kazi ndiyo inayomfanya ajione bado mtu.

Roho iliniuma, nikapeleka jambo kwenye umoja wetu.

Tuna umoja wa Watanzania wa eneo letu, wakristo kwa waislamu, tunazikana na kuozeshana. Mwenyekiti ni Mzee Mbwana, alikuwa mwalimu mkuu Morogoro enzi zake, wanawe wakamleta huku. Mzee wa watu, mstaarabu, ila usimpe mic. Akasema jambo dogo hilo, tutamwona mbunge.

Nifungue mabano hapa kidogo, maana najua kuna watu wako huku na hawajui. Ukiwa Mtanzania mwenye kibali halali cha kuishi hapa, unaweza kujiandikisha na kupiga kura ya kumchagua mbunge wao. Ndiyo, na passport yako hiyohiyo ya bibi na bwana. Sababu ni huo undugu wa Commonwealth. Mimi nilipoambiwa nilidhani natapeliwa, nimekaa nchi ya watu miaka nikiwakimbia wagombea mlangoni kumbe wananitafuta mimi.

Nafunga mabano.

Huyo mbunge wetu ni mama wa makamo, na wakuu, mimi nilikuwa nampenda kufa. Clip zake zinazunguka sana WhatsApp. Kuna ile anaongelea bei ya gesi ya nyumbani, anauliza mawaziri kama wanajua maana ya kuvaa koti sebuleni kwako. Nyingine anaongelea kodi za nyumba. Na serikali yenyewe ni ya chama chake! Anaichana mbele ya watu na kesho yake anakwenda kazini kama kawaida. Kwetu ungeshaitwa kwenye kamati ya maadili.

Kwa hiyo sote tulijiaminisha huyu ni wetu. Anayelia na bei ya gesi ataachaje kulia na figo?

Hapo ndipo tulipopotea, lakini ngoja nisirukie.

Tukapangiwa siku. Wabunge wa huku wana utaratibu wa kukaa na wananchi, unaomba nafasi, unapewa dakika zako. Mzee Mbwana akaandika risala. Nyie mnaijua risala. Salamu, shukrani, pongezi, mafanikio, halafu "changamoto chache", halafu maombi, halafu shukrani tena.

Nikamwambia mzee wangu, shikamoo yako, lakini kwa nini tusianze na kitengo? Akanitazama kwa huruma, akasema mtu mkubwa hashtukizwi na shida, anaandaliwa kwanza. Wazee wote wakaitikia. Na kusema kweli hata mimi niliona ana hoja, ndivyo tulivyokuzwa.

Wamama tukashona sare za kitenge. Msicheke.

Siku ikafika. Nilitegemea ofisi yenye walinzi. Wapi! Ni chumba cha nyuma cha maktaba, viti vya plastiki, ukutani michoro ya watoto wa chekechea. Mheshimiwa ameingia amevaa raba, mkoba begani, na msaidizi mmoja mwanamke wa kuandika. Tukasimama wote kwa pamoja. Yule mama alishtuka mpaka akageuka nyuma kuangalia nani kaingia.

Mzee Mbwana akaanza. Kiingereza kimenyooka, sauti ya mstarini asubuhi. Tunakushukuru kwa kutupokea. Tunakupongeza kwa kupigania wanyonge juu ya gharama za maisha. Kisha, wakuu, nawatafsiria hii vizuri: "Kwa namna ya pekee tunakushukuru kwa juhudi zako kubwa za kuboresha huduma za afya, pamoja na mabadiliko yanayoendelea katika eneo letu."

Tukapiga makofi. Mimi pia.

Mheshimiwa akatabasamu, msaidizi anaandika. Mzee akaendelea na mafanikio ya umoja, akaja kwenye changamoto, akaanza na parking ya kanisani, akaenda kwenye ukumbi wa kuwafundishia watoto Kiswahili, maana watoto wetu ukiwasemesha wanakujibu Kiingereza. Kitengo cha figo kilikuwa sentensi ya mwisho kabisa, "tunaomba pia suala la kitengo cha figo, wanakotibiwa baadhi yetu, liangaliwe kwa jicho la huruma", na tayari msaidizi anatuonyesha saa.

Da Mwana alikuwa pembeni yangu muda wote. Hakuulizwa kitu, hakufungua mdomo.

Tukapiga picha na mheshimiwa. Tukaenda kwa Mzee Mbwana kula pilau, wote tunasema mama wa watu msikivu, hana makuu. Na mimi nilikula nikashiba.

Zikapita wiki kadhaa. Nipo kwenye basi naenda kazini, group la umoja linalia mfululizo. Clip ya mheshimiwa Bungeni. Watu wameshaweka moto na makofi, mwingine kaandika "tumetajwa, tumetajwa". Nikaweka earphone.

Ulikuwa mjadala wa hiyo mipango ya afya. Mheshimiwa amesimama, amejiamini, anasema kuna watu wanadai wananchi wanapinga kuhamishwa kwa vitengo. Kisha akasema: "Nimekaa na familia za Kitanzania jimboni kwangu, wakiwemo wagonjwa wa figo, na wamenishukuru kwa mabadiliko haya."

Wakuu! Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena, nikidhani Kiingereza kimenipita. Basi likapita kituo changu, likapita na kinachofuata, mimi nimeganda na simu mkononi.

Ikaingia meseji ya Da Mwana. Maneno mawili tu. "Ndio sisi?"



Kwenye group watu wakaanza kuelewa mmoja mmoja, moto na makofi vikafutwa. Yakaanza matusi. Mwongo, msaliti, wanasiasa wote walewale tu. Mimi ndio nilikuwa naongoza, hasira zangu wanaonijua wanazijua. Nikasema huyu leo namuumbua. Nikaingia kwenye ukurasa wake nitafute alipowahi kuahidi kutetea kitengo chetu, niweke kila mahali.

Hapo nikapata mshtuko wa pili, na huu ndio uliniuma zaidi.

Hakuwahi kuahidi.

Alikuwa ameandika, kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza cha mtoto wa darasa la nne, tangu zamani kabla hata sisi hatujashona vitenge. Kwamba kwenye gharama za maisha anapingana na serikali yake. Kwamba kwenye afya anaiunga mkono, anaona vitengo vidogo havina manesi wa kutosha na mgonjwa akizidiwa anaweza kufia hapo. Na kura zake zote zipo wazi, alipoikubali serikali na alipoikataa. Yule mama hakuficha kitu. Sisi tulikuwa tunaangalia clip za sekunde thelathini, tukamjazia wenyewe msimamo wa afya kichwani mwake.

Nikaomba nafasi tena. Safari hii mimi na Da Mwana tu. Mzee Mbwana nilimwambia, akainamisha kichwa, akasema nendeni wanangu.

Chumba kilekile. Nikaanza mimi, kwa ukali. Nikamwambia umetutumia, umeenda kutusemea uongo mbele ya taifa. Hakupandisha sauti. Akamwomba msaidizi faili, akatoa risala yetu, akaisoma ile sehemu ya shukrani neno kwa neno. Kisha akatutazama, na uso wake haukuwa wa mtu anayejitetea, ulikuwa wa mtu asiyeelewa kabisa.

Akasema, "Mlinishukuru. Niliwaamini."

Jamani, nyumbani nani anaamini risala? Msomaji anajua, mgeni rasmi anajua, hata mwenye kupanga viti anajua. Yale maneno ni ya kufungulia mlango tu. Huyu mama alikuwa ameyachukua yote, akayabeba mpaka Bungeni, akijua ameaminiwa na watu waliovaa sare kuja kumwambia hivyo.

Akasema Da Mwana.

Dada yangu Kiingereza chake ni cha jikoni, lakini siku hiyo kilitosha. "Tulikushukuru ili utusikilize. Mimi ndiye mgonjwa. Mkifunga pale, nitaishi, lakini kazi yangu itakufa."

Mheshimiwa akaweka risala chini. Akaanza kumuuliza: unaamka saa ngapi, unarudije, shule wanasemaje, ukitoka kwenye mashine unaweza kusimama muda gani. Da Mwana akajibu kimoja kimoja bila kupamba. Hatukuangalia saa, na safari hii hakuna aliyetuonyesha.

Mwisho akatuambia ukweli wake. Bado anaamini mpango ule ni sahihi kwa wagonjwa wengi na hatabadilisha kura yake. Lakini alichosema juu yetu hakikuwa sahihi, na atakirekebisha palepale alipokisemea.

Nikajua ametutuliza tu.

Wakuu, alirekebisha. Alisimama Bungeni akasema familia zile hazikukubaliana na mpango, na kwamba yeye ndiye aliyewaelewa vibaya. Mbunge! Mwenyewe! Nimeiangalia ile clip sijui mara ngapi, na bado naona kama ni ya kutengenezwa.

Lakini muda wa wananchi kutoa maoni ulikuwa umeshafungwa. Kitengo kikahamishwa. Hospitali kubwa ikampangia Da Mwana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku zake za kazi zilezile. Mheshimiwa akaandika barua, akapiga simu, akasumbua, na kweli siku zikabadilishwa. Tatizo zilibadilishwa baada ya shule kuajiri mtu mwingine.

Mnataka nimchukie nani? Mwalimu mzee aliyefanya alichofundishwa? Mbunge aliyesema msimamo wake hadharani tangu mwanzo? Nimejaribu, chuki haikai. Kinachokaa ni ile picha yetu na vitenge, tunapiga makofi, na dada yangu katikati ameuma meno.

Nilichojifunza: huku, na labda hata huko, mtu akikupa dakika zake anza na kinachokuuma. Shukrani zipo tu, hazichachi. Na kabla hujampenda mwanasiasa kwa jambo moja, nenda kasome anasemaje kwenye lile linalokuhusu wewe. Mliopo huku mjiandikishe kura, acheni uvivu.

Da Mwana yuko hapa sebuleni kwangu amejifunika blanketi, ametoka kwenye mashine mchana huu. Nimemsomea uzi wote kabla ya kuuweka. Nikamuuliza kama niandike pale mwisho kwamba tunamshukuru Mungu anaendelea vizuri.

Akasema, "Usiandike. Siendelei vizuri."

Basi sijaandika. Karibuni, kama na nyie risala ziliwahi kuwaponza semeni, na kama mnaona mheshimiwa alikuwa na kosa semeni pia, nasoma zote. Matusi kwa Mzee Mbwana siruhusu.