Wifi na Skrini Nyeusi

Kaka yetu mkubwa alikuja na shuka. Mtu anakuja kumjulia hali mjane wa mdogo wake, mkononi kashika shuka la kufungia kompyuta! Mimi ni dada yao wa tumbo moja, na siku hiyo niliona haya kuitwa ndugu yake.

"Shemeji," akamwambia wifi yangu, "mashine ni ya marehemu, na vilivyomo ni vya marehemu. Vinarudi kwetu."

"Kwetu wapi?" nikamrukia. "Unajua kuna nini humo?"

Hakujua. Humo mlikuwa na michoro yote ya wifi: makoti, sketi, sare za shule, kila kola na kila pindo alilolibuni tangu aolewe. Huchora kwenye kompyuta, akachapisha kwenye karatasi kubwa, ndipo akate kitambaa. Bila michoro ile wifi hana kazi, na mafundi wawili wanaoshona naye hawana kazi. Kaka akasema atarudi mwisho wa mwezi, akaondoka na shuka lake kwapani.

Na marehemu naye, Mungu amrehemu, nina ugomvi naye. Mashine ile ukiiwasha hupati vipicha vya kubofya. Inakuja skrini nyeusi na kijistari kinachowakawaka, na wewe unaiamuru kwa kuandika. Mfumo wenyewe waliuunda watu wakaugawa bure, kila atakaye aufungue aone ulivyo ndani, ndiyo maana aliupenda. Kila asubuhi aliketi, akaandika maneno yake, programu ya kuchorea ikafunguka, ndipo akamwita mkewe, "Njoo, tayari." Miaka yote hiyo! Alimfungulia akaunti yake, akamwacha achague neno la siri, akamwahidi kumfundisha akipata nafasi. Nafasi gani? Walikuwa wanalala kitanda kimoja!

Wifi akajaribu mwenyewe. Aliingia kwa jina lake, akaandika: tafadhali fungua michoro yangu. Mashine ikamjibu kwamba amri hiyo haiijui. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

Tukamwita fundi kompyuta wa mtaani. Alimpokonya wifi kibodi kabla hata hajakaa vizuri, akachapachapa, akaguna.

"Mama, dude gani hili? Tufute kila kitu, nikuwekee mfumo wa kawaida."

Afute! Nilimwonyesha mlango, hata chai hakuimaliza.

Aliyetufaa ni mkutubi wa maktaba ya mtaa, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, mteja wa wifi wa siku nyingi. Alisimama nyuma ya kiti, akaficha mikono mgongoni.

"Andika wewe," akasema. "Nikiandika mimi, nitaondoka na ujuzi wangu."

Akamfundisha pwd, mashine imwambie yuko kwenye folda gani. Ls, imwonyeshe vilivyomo. Cd, ahamie folda nyingine. Wifi akikosea herufi, mkutubi anakohoa tu, mikono iko palepale mgongoni. Yangu ilikuwa inaniwasha kweli kweli.

Mwezi ulipokaribia kwisha, wifi alikuwa anazunguka humo kama yuko sebuleni kwake. Akaipata folda ya mumewe, ile yenye michoro. Akaandika ls aone vilivyomo. Mashine ikamwambia hana ruhusa.

Hana ruhusa! Kola kachora yeye, pindo kapima yeye, vidole katobolewa na sindano yeye! Lakini kila asubuhi marehemu ndiye aliyeingia kwa jina lake, kwa hiyo kila faili liliandikwa kuwa ni mali yake. Nilipiga meza. Kumbe hata hili dude liko upande wa kaka!

"Kuna neno moja bado," mkutubi akasema taratibu. "Weka sudo mbele ya amri yako. Hapo unaomba mamlaka yote ya mashine. Anapewa tu yule ambaye mwenye mashine alimwandika humo. Itakuuliza neno lako la siri, siyo lake."

Wifi akaandika. Herufi za neno la siri hazikuonekana kwenye skrini, akadhani kibodi kimekufa, akamalizia hivyo hivyo. Majina yakamiminika: koti la mvua, sare ya wasichana, gauni la wifi. Gauni langu hilo. Marehemu alikuwa amemwandika mkewe, akampa mamlaka yote, asimwambie.

"Ungesema, wewe mwanamume!" wifi akalia kwa hasira. "Ungesema tu!"

Nikamsaidia kumsema. Kisha akajipangusa uso, mkutubi akamtajia chown, amri ya kubadilisha mwenye faili, naye akaandika jina lake.

Mwisho wa mwezi kaka akaja, na shuka lilelile. Akamkuta wifi anachora.

"Nani kakupa ruhusa ya kufungua humo?"

"Mdogo wako, shemeji," wifi akajibu, macho kwenye kola yake. "Kaniandika mwenyewe. Njoo usome."

Hakuja kusoma. Akaanza kulikunja lile shuka. Lilimshinda peke yake. Nikamshikia pembe mbili likunjike sawasawa, maana kaka ni kaka, nikamwambia siku nyingine akija kumjulia hali wifi yangu, aje mikono mitupu.