Baba Mkwe Yuko Nyuma ya Ukuta, Mume Wangu Anajilaumu

Admin, jina langu lifiche tafadhali, huku Kyela tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka 33, nina mume na watoto wawili, tunalima mpunga na kokoa huku Busale.

Mama mkwe alipofariki, mume wangu alimleta baba yake tuishi naye. Chumba chake kimepakana na chetu, na nyumba haina dari. Mzee akikohoa ni kama yuko miguuni petu. Jamani, sisi Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe ni heshima nzito, hata chakula namwekea mezani natoka. Sasa mimi nianze kuhema huku yeye anasikia? Mwili ukafa ganzi kabisa. Nikawa nasingizia uchovu, mara kichwa, mara tumbo, mpaka mume wangu naye akaanza kushindwa, maskini.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenibembeleza twende kwa mshauri kwenye kliniki moja mjini. Yule dada anashughulikia mambo ya chumbani na maelewano ya wanandoa kwa pamoja. Alitukataza tendo kwanza, akasema tushikane tu na tuongee. Siku ya kwanza mume wangu ananipapasa mgongo taratibu, mzee huko akasafisha koo. Nikakakamaa, nikageukia ukutani. Akatoa mkono, akasema, "Hata kushikwa na mimi hutaki tena."

Tuliporudi kliniki akamwambia mshauri mbele yangu, "Mke wangu hana kosa. Mimi ndiye nimeisha." Nikainama, nikamwacha abebe lawama. Mungu anisamehe! Mshauri aliponiita peke yangu nikamwaga yote. Akaniambia, "Mama, hilo umwambie mwenyewe. Mimi siwezi kukusemea."

Nitaanzaje? Mume wangu ndiye mtoto wa kiume pekee. Nikifungua mdomo itaonekana namfukuza mzee wa watu. Nikinyamaza anazidi kujidharau, na sasa anasema nikitaka kuondoka hatanizuia, nikatafute mwanaume kamili.

Jana kaingia jikoni anacheka: "Baba anasema ndaga fijo, asante sana kwa wali. Anasema Mungu kampa mkwe mwema." Machozi yakanitoka, nikasingizia moshi.

Alhamisi tunarudi kliniki. Nyie mnaoishi na wakwe, nipeni maneno ya kumwambia. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Mume wangu anaamini si mwanaume tena, na sababu naijua mimi.